Sahani Hairudi Tupu

Masika ya mwaka wa arobaini na nane yalimkuta Dresa Baya amekwisha kuchoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyekaa miaka kumi na saba kwenye kiti kimoja cha mbao, akiwauliza watu swali moja kila asubuhi: "Choo kina damu?" Na kila masika jibu lilikuwa lile lile, kwa sababu mvua ikinyesha Likoni vyoo na visima huanza kutembeleana, na tumbo la kuhara damu halingoji mwaliko.

Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, kwenye njia ya kwenda Bofu, kitongoji alichokaa. Paa lilivuja mahali pawili. Daktari alipita mara moja kwa mwezi, na miezi mingine hakupita. Kwa hiyo Baya ndiye aliyepima, ndiye aliyefunga vidonda, ndiye aliyechoma sindano, na jioni ndiye aliyefagia. Watu wa pale, wakulima wa Kidigo waliozaliwa kwenye mashamba ya babu zao na vibarua wa Kigiriama waliotoka bara kama yeye mwenyewe, walimwita Bwana Nusu. Jina hilo alilipenda, na ubaya wote ulianzia hapo.

Alilipata wakati wa vita vikuu vya pili. Dawa zilikuwa adimu, kila kitu kilikwenda kwa askari. Mwaka wa arobaini na nne ililetwa chupa moja ya vidonge vya salfa, ya kuwatosha watu thelathini, na wenye kuhara damu walikuwa sitini, wamejipanga mpaka barabarani, wengine wamekaa chini kwa kuishiwa nguvu. Ungefanya nini? Baya alichukua wembe wake wa kunyolea ndevu akakata kila kidonge katikati, sawasawa kabisa, akawagawia wote nusu nusu. Na waliopata nafuu aliwaambia, "Ukiona damu imekatika, usizimalize. Weka akiba, ya kesho hatuyajui." Hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Wazee walimwombea dua, akina mama wakamletea kuku. Vita vilipokwisha, dawa zikaanza kuja za kutosha, wembe ukarudi kwenye ndevu, na kila mgonjwa akapewa vidonge vyake vizima ishirini na vinne. Ila jina lilibaki.

Sasa, miaka minne baada ya zile nusu, vidonge vilikuwa tele na havikufanya kazi.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Mzee Rashid, mwenye shamba la minazi nyuma ya msikiti. Alirudi siku ya tano, amejikunja kama alivyokuja siku ya kwanza.

"Dresa, dawa yako imekufa," alisema.

"Umeimeza kama nilivyokuelekeza?"

"Wallahi nimeimeza. Zamani siku ya pili tu nilikuwa shambani. Safari hii naona kama nameza chokaa."

Baya alidhani ni uzee wa Mzee Rashid. Halafu wakaja wengine, saba wiki ile, kumi na moja wiki iliyofuata, na kila mmoja alirudi siku ya tano akilalamika vile vile. Alivinusa vidonge. Alikivunja kimoja akakilamba. Kilikuwa chungu kama kawaida yake. Mwishowe akatia choo cha wagonjwa sita kwenye vichupa, akafunga vizibo, akavipanga kwenye kikapu pamoja na chupa ya vidonge, akapanda feri kwenda kisiwani Mombasa kumtafuta daktari wa maabara. Abiria waliokaa karibu naye walitaka kujua amebeba nini. Aliwaambia ni asali, nao wakaacha kumsogelea, kwa kuwa dresa anayebeba asali hajaonekana. Daktari alimwambia arudi baada ya siku nane.

Siku ya tatu kati ya hizo nane, Mwanarehema akaugua.

Huyu alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka sita, binti pekee wa Faki na Mwanatabu. Nyumba yao na ya Baya zilitazamana mlango kwa mlango, na kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na sahani. Sahani ya bati, yenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Ilikuwa ya Kadzo, mke wa Baya, lakini kwa miaka kumi na moja ilikuwa haijui kwao ni wapi. Kadzo akipika muhogo wa nazi, sahani huvuka kwenda kwa Mwanatabu. Mwanatabu akikaanga vitumbua, sahani huvuka kurudi. Nyama Kadzo hakuwapelekea, maana yeye ni Mkristo na wenzake ni Waislamu, kila mmoja na kichinjo chake, na jambo hilo halikuwahi kuhitaji kuzungumzwa. Lililokuwa sheria ni moja tu, nalo linajulikana pwani nzima: sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu mbili au chumvi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzio ujirani umekwisha.

Tangu alipojua kutembea bila kuanguka, Mwanarehema ndiye aliyekuwa mbebaji. Baya alikuwa ameizoea sauti yake mlangoni kila jioni: "Hodi! Shikamoo baba Dresa! Mama asema sahani hiyo." Naye, ambaye watoto wake, Ngowa na wadogo zake, walikuwa wamekua na kwenda kufanya kazi Changamwe kwenye reli, alimpenda mtoto yule kupita alivyoweza kusema. Kwa hiyo hakusema. Alimchongea kijiko chake cha mti, basi.

Alimpa salfa kwa kipimo cha mtoto, kamili, akisimama mwenyewe kuhakikisha anameza. Siku ya kwanza damu. Siku ya pili damu. Siku ya tatu mtoto hakuweza kukaa, na ngozi ya tumbo lake ukiifinya ilibaki imesimama kama kitambaa. Baya alimnywesha maji ya dafu yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, kwa kile kijiko cha mti. Mtoto akitapika, anangoja kidogo, anaanza tena. Alikuwa akitoka zahanati amechoka, anakaa kwenye mkeka wa Faki mpaka mgongo unakufa ganzi, anarudi zahanati. Kadzo na Mwanatabu walipokezana kufua nguo.

Zile siku nane za daktari zilipotimia, alivuka tena kisiwani. Daktari wa maabara, Mgoa mmoja mfupi mwenye miwani, alimrudishia chupa yake ya vidonge.

"Dawa yako ni nzima," alisema. "Vidudu ndivyo vilivyobadilika."

"Vimezoea dawa?"

"Kila mtu husema hivyo, lakini kidudu kimoja hakizoei. Sikiliza. Ndani ya tumbo la mgonjwa mmoja mna vidudu vingi kuliko watu wote wa Mombasa, na havilingani. Vingi ni vinyonge, dawa kidogo tu huviua. Vichache vimezaliwa vigumu. Mgonjwa akipata dawa kamili kwa siku zote, vinyonge hufa vyote, na vile vichache mwili wenyewe huweza kuvimaliza. Akipata dawa kidogo, unaua vinyonge peke yao. Umefyeka shamba ukaviachia vile vigumu vilime peke yao. Navyo huzaana, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Halafu vinatoka, vinaingia kisimani, vinamkuta mtu mwingine. Yeye naye akimeza dawa kidogo, mchujo unarudiwa." Alivua miwani akaifuta. "Huko kwenu kuna mtu anayegawa dawa kidogo kidogo?"

"Hakuna," Baya alijibu. "Kila mtu nampa ishirini na vinne."

Hakusema uongo. Lakini kwenye feri, maji yakipiga ubavuni, alijikuta anakumbuka wembe. Akajiambia, miaka minne imepita, na wakati ule watu wangekufa. Akajiambia hivyo mara nyingi, mpaka feri ikafika, na bado hakuwa ameamini.

Alipofika kwa Faki, Mwanatabu alimshika mkono wa kanzu.

"Shemeji, muongeze! Mpe viwili viwili! Mimi mwaka juzi vitatu tu vilinitosha. Vitatu, na tumbo likafunga. Vipi mwanangu anakula ishirini havimfai?"

"Vitatu?" Baya aliuliza. "Mbona hukuja zahanati mwaka juzi? Vitatu ulivipata wapi?"

Mwanatabu alimshangaa. "Si kwenu? Kadzo si aliugua? Nikampelekea uji wa mtama na sahani yenu. Siku ya pili sahani ikaja na vidonge kumi na sita, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Nilifurahi, shemeji, usione haya. Vitatu nikameza, tumbo lilikuwa lanisumbua. Vingine nikatia kwenye sahani ya Bi Nyevu, maana na yeye alikuwa amenipa ndizi. Naye akatia kwa mwenzake." Alikuwa anaeleza huku anampepea mtoto, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la heri. "Sasa ndiyo desturi. Mtu akitoka kwako hamalizi dawa zote, huweka vya sahani. Bofu nzima twaita hivyo, vidonge vya sahani. Kwani hukujua?"

Bofu nzima ilijua isipokuwa dresa wake. Lazima niseme ukweli: kitu cha kwanza kilichomwingia Baya moyoni kilikuwa nafuu. Alikuwa amepata wa kulaumu, na hakuwa yeye. Alivuka uwanja kwa hatua za kijana.

Kadzo alikuwa anakuna nazi.

"Mama Ngowa, mwaka juzi nilikuletea vidonge ishirini na vinne. Ulimeza vingapi?"

"Vinane. Damu ilikatika siku ya pili."

"Na vilivyobaki ukavitia kwenye sahani!"

Kadzo aliacha kukuna. "Ulitaka nirudishe sahani tupu? Nilikuwa nimelala kitandani siku nne, nyumbani hamna hata muhogo. Wewe huna habari ya nyumba, wajua zahanati tu. Nikatazama huku na huku, nikasema, hivi vidonge si kitu cha heshima? Si bora kuliko ndimu?"

"Vilikuwa vyako wewe uvimalize! Sasa vidudu vyote vya Bofu ni sugu, na mtoto wa watu anakufa, kwa sababu yako na masahani yenu!"

Hakuwahi kumpaazia sauti namna ile. Mikono ya Kadzo ilikuwa myeupe kwa nazi. Aliposema, alisema polepole.

"Baba Ngowa, mimi sikusomea udresa. Kwamba damu ikikatika mtu aache, aweke akiba, sikuota. Nililisikia neno hilo kwako mwenyewe, mwaka wa nusu nusu. Ulikuwa ukiwaambia watu pale kibarazani, na mimi nimekuletea chakula, nimesimama nyuma yao. Nikajisemea, huyo ndiye mume wangu, ana huruma na akili." Akachukua tena kifuu cha nazi. "Watu wote walilisikia kwako. Sasa nani amewaambia wabadilishe?"

Na kweli, nani? Vita vilipokwisha alibadilisha kipimo, akabadilisha idadi, akaandika kwenye daftari lake. Kuwaambia watu kwamba lile neno la akiba lilikuwa la shida tu, na shida imekwisha, hakuwaambia. Alidhani wamesahau. Labda pia hakutaka kuwaambia, kwa kuwa lilikuwa neno walilompendea. Baya alikaa kwenye kizingiti, na ule uchovu wote wa miaka kumi na saba ukamkalia mabegani kwa pamoja.

Mwanarehema alikufa siku ya kumi na moja ya ugonjwa wake, alasiri, mvua imepumzika. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Baya. Dawa nyingine ya kumpa haikuwepo Likoni. Labda ilikuwepo mahali fulani duniani, na labda hata hiyo siku moja itakatwa katikati na mtu mwenye huruma. Faki alimfunika mtoto uso. Mwanatabu hakulia kwanza. Alitandika upya mkeka ambao ulikuwa umetandikwa vizuri.

Walimzika jioni ile ile. Kadzo alipika muhogo, akautia kwenye sahani ya buluu, akaupeleka kilioni kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mbebaji hakuwepo tena. Mwanatabu aliipokea kwa mikono miwili.

Matanga yalipoanuliwa, Baya alianza kupita nyumba kwa nyumba. Alisema alichopaswa kusema mwaka wa arobaini na tano: malizeni dawa, msiweke, msipeane, na vilivyowekwa nipeni nikavichome. Walimkaribisha vizuri. Walimpa kiti, walimpa maji, walimwambia, "Inshallah, Bwana Nusu." Na hakuna hata mmoja aliyetoa kidonge. Wengine walisema hawana, na huku macho yao yanakwenda juu ya dari. Mzee Rashid peke yake alimwambia waziwazi.

"Wewe ulitufundisha kuweka. Leo waja kutunyang'anya. Kesho kukiwa na vita vingine, utatupa nini?"

Baya alishukuru kwa maji, akainuka. Alirudi zahanati, akakaa kwenye kiti chake. Wiki ile watoto wengine wawili waliletwa, akawanywesha maji ya dafu na chumvi, na mmoja akapona kwa nguvu zake mwenyewe. Hata furaha ya huyo mmoja ilimchosha. Alifikiria kuandika barua ya kuacha kazi. Alitafuta kalamu, hakuiona, akaacha.

Nyumbani, Kadzo alikuwa akitazama mlango wa pili. Siku kumi sahani haikurudi. Siku kumi na tano. Baya alimwona akipangua vyombo na kuvipanga tena, na kila mara akiacha nafasi ya sahani moja.

Siku ya ishirini, baada ya alasiri, walisikia hodi. Mwanatabu aliingia na kaniki yake ya msiba, amekonda, miguu imejaa matope mpaka magotini kama mtu aliyetembea mashamba yote. Mkononi alikuwa na sahani ya buluu, imefunikwa kawa, kama ifunikwavyo sahani ya chakula.

"Karibu, shoga," Kadzo alisema, akamsogezea kiti.

Mwanatabu aliiweka sahani juu ya meza, akaondoa kawa.

Vilikuwa vidonge. Vimejaa sahani, vingine vyeupe, vingine vimegeuka manjano kwa kukaa, vingine vina vumbi la dari na nyuzi za kitambaa. Alikuwa amepita kote Baya alikopita. Baya alinyimwa, lakini nani wa kumnyima mama aliyefiwa, amesimama mlangoni na sahani mkononi? Mtu akisema hana, yeye hakubishana. Alisimama tu, ameinyoosha, na hakuna mtu wa Bofu awezaye kuiacha sahani iliyonyooshwa iondoke tupu.

"Arobaini na tatu ni nyumba nilizoingia," Mwanatabu alisema. "Mzee Rashid alilia. Vyake alikuwa amevificha ndani ya mto."

"Shoga, kaa kwanza," Kadzo alimwambia.

"Sikai. Nimeleta sahani yenu. Haikurudi tupu." Kisha akamgeukia Baya, na alipomtazama hapakuwa na hasira machoni mwake. Baya angeipenda hasira. "Shemeji, nimevitenga. Angalia."

Baya aliangalia. Ukambaa, kamba nyembamba ya mnazi, ulikuwa umelazwa katikati ya sahani. Upande mmoja vilikuwa vidonge vizima. Upande wa pili, nusu. Nusu nyingi, za mwaka wa arobaini na nne, zilizowekwa kwenye mito na madari kwa sababu mtu mwenye huruma alisema ziwekwe. Zilikuwa zimekatwa sawasawa, bila hata moja kumong'onyoka. Ilikuwa kazi ya mkono makini.

"Vizima hivi ni vyetu," Mwanatabu alisema. "Tulipeana wenyewe, na mwanangu ndiye aliyevibeba. Na nusu hizi?"

Kadzo alishika ukingo wa meza. Nje mvua ilianza tena, matone makubwa ya kwanza yakigonga makuti.

"Ni zangu, shemeji," Baya akasema. "Hizo ni zangu."